Rodopsini: maana, asili na matumizi

rodopsini *nm* [i-/zi-] protini yenye rangi ya zambarau iliyomo katika seli za fimbo za retina ya jicho, ambayo hupokea mwanga hafifu na kuanzisha ishara ya kuona. Zambarau ya jicho.

*Upatanisho:* rodopsini hii imepauka. Rodopsini nyingi zimerudi katika hali yake ya awali. Neno linapotaja dutu kwa ujumla hutumika katika umoja: *rodopsini ya jicho la ng'ombe*.

Asili ya neno

Neno limeundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: *rhodon*, yaani waridi, na *opsis*, yaani kuona. Mwaka 1876 Franz Boll, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Roma, aliona kwamba retina ya chura aliyewekwa gizani ina wekundu unaofifia baada ya kupigwa na mwanga. Muda mfupi baadaye Wilhelm Kühne wa Heidelberg aliitenga dutu hiyo na kuipa jina la Kijerumani *Sehpurpur*, ambalo tafsiri yake ni zambarau ya kuonea. Jina la Kigiriki ndilo lililoenea katika lugha za kisayansi na kuingia katika Kiswahili.

Kuhusu rangi, mwalimu ana neno lililo tayari. *Zambarau* ni tunda kabla ya kuwa rangi, na mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kula zambarau za msimu anaujua wekundu uliochanganyika na buluu unaobaki ulimini. Rangi ya rodopsini gizani iko karibu na hiyo. Haifai kuiita *nyekundu* pasipo maelezo, wala *urujuani*, ambayo huelekea zaidi upande wa buluu.

Umbo la neno na matamshi

Katika maandishi ya Kiswahili hukutwa maumbo matatu: *rhodopsin*, *rodopsin* na *rodopsini*. Umbo la tatu ndilo linalopendekezwa. Herufi *h* baada ya *r* huachwa kwa kuwa haina sauti yake katika Kiswahili, na irabu huongezwa mwishoni kama katika *protini*, *vitamini* na *insulini*. Mfuatano wa konsonanti *ps* hubaki, kama katika *kapsuli*. Mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ro-do-PSI-ni. Kwa utaratibu huohuo hupatikana *opsini*, jina la jumla la kundi la protini ambamo rodopsini imo, na *retinali*, kijenzi kidogo kinachonasa mwanga.

Maelezo ya kibiolojia

Retina ni tabaka jembamba la seli lililo nyuma ya jicho, mahali ambapo taswira iliyopitia konea, mboni na lenzi huangukia. Ndani yake mna aina mbili kuu za seli za kuonea. *Seli za fimbo*, takribani milioni 120 katika kila jicho la mtu, hufanya kazi katika mwanga hafifu na hazitofautishi rangi. *Seli za koni*, takribani milioni 6, hufanya kazi katika mwanga wa kutosha na ndizo zinazowezesha kuona rangi. Rodopsini imo katika seli za fimbo. Seli za koni zina opsini nyingine za aina tatu, kila moja ikiitikia zaidi sehemu yake ya mwanga: buluu, kijani, na mwanga unaoelekea wekundu.

Sehemu ya nje ya seli ya fimbo imejaa visahani vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama sahani za bati katika duka la vyombo. Katika utando wa visahani hivyo ndimo molekuli za rodopsini zilimopachikwa. Kila molekuli ina sehemu mbili. Ya kwanza ni opsini, mnyororo wa amino asidi 348 unaoupenya utando mara saba. Ya pili ni retinali, inayotokana na vitamini A, ambayo imejificha katikati ya mikunjo hiyo saba na kushikamana na opsini.

Gizani retinali huwa imepinda. Fotoni moja ya mwanga inapoinasa, retinali hunyooka kwa kasi isiyoweza kulinganishwa na tukio lolote la maisha ya kila siku: chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Huo ndio mchango wote wa mwanga katika kuona. Yanayofuata ni kazi ya kemia. Retinali iliyonyooka haienei tena katika nafasi yake, hivyo opsini hulazimika kubadili umbo. Opsini iliyobadilika huiamsha protini nyingine, transdusini, nayo transdusini huamsha kimeng'enya kinachovunja dutu iliyokuwa ikiacha wazi milango ya ayoni katika utando wa seli. Milango hufungwa, chaji ya umeme ya seli hubadilika, na badiliko hilo hupokezanwa kutoka seli hadi seli mpaka kwenye mshipa wa fahamu wa jicho na ubongo.

Wanafunzi wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba mwanga *huiwasha* seli ya fimbo. Ukweli ni kinyume: seli ya fimbo hutoa kemikali zake mfululizo gizani, na mwanga huipunguzia kazi hiyo. Mtafsiri asiandike *mwanga huwasha seli*; aandike *mwanga huanzisha ishara* au *mwanga hufunga milango ya ayoni*.

Rodopsini huitikia zaidi mwanga wenye urefu wa mawimbi wa takribani nanometa 500, yaani wa kijani kinachoelekea buluu. Kwa sababu hiyo, giza linapoanza kuingia, kanga yenye maua mekundu huonekana kama yenye maua meusi ilhali majani ya mti bado yanaonekana na mng'ao.

Kupauka na kiwi cha macho

Retinali iliyokwisha kunyooka huachana na opsini. Zambarau hugeuka manjano, kisha hukosa rangi. Kitenzi kinachofaa ni *pauka*: *rodopsini imepauka*. Msemaji wa Kiswahili hulitumia kwa ngozi iliyokauka bila mafuta na kwa nguo iliyofifia juani, na maana ya kisayansi haiko mbali na hizo. *Kubabuka* hakufai, kwa kuwa huashiria kuchubuka au kuungua.

Ili rodopsini irudi, retinali hupelekwa kwenye tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma ya retina. Huko vimeng'enya huikunja upya, kisha hurudishwa na kuungana na opsini. Safari hiyo huchukua muda, na muda huo ndio mtu anaouhisi anapotoka juani na kuingia kizani.

Mfano wa karibu ni Soko Kuu la Kariakoo. Jengo lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli, ambalo lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, lilikuwa na sehemu iliyo chini ya ardhi ambayo wafanyabiashara na wateja waliiita *shimoni*. Mteja aliyetoka Mtaa wa Msimbazi saa sita mchana, jua likiwa utosini, na kushuka ngazi za shimoni, kwa muda hakuona vizuri nyuso za wauzaji. Mambo matatu yalifanyika machoni mwake kwa kasi tofauti. Mboni ilipanuka ndani ya sekunde chache. Opsini za seli za koni zilijirudi ndani ya dakika chache, na kwa kuwa shimoni mlikuwa na taa, hizo zilimtosha kuchagua nyanya. Rodopsini ya seli za fimbo ilihitaji nusu saa na zaidi kukamilika. Mteja asingeihitaji, isipokuwa umeme ungekatika.

Kiswahili kina jina la hali ya macho kushindwa kuona kwa kuzidiwa na mwanga: *kiwi*, au *kiwi cha macho*. Husemwa *kuona kiwi* na *kutia kiwi*: *taa za daladala zilimtia kiwi mwenda kwa miguu*. Mtafsiri anayekutana na habari za macho kuzidiwa na mwanga hana haja ya kubuni istilahi. Aangalie tu muktadha, kwa sababu mjini *kiwi* pia ni dawa ya kung'arishia viatu na ni jina la tunda la kigeni. Umbo kamili, *kiwi cha macho*, huondoa utata.

Upofu wa usiku na vitamini A

Mwili hauwezi kujitengenezea retinali pasipo vitamini A kutoka katika chakula. Akiba kubwa ya vitamini hiyo hutunzwa katika ini. Akiba inapopungua, seli za fimbo hukosa retinali ya kutosha, na dalili ya mapema machoni ni kutoona katika mwanga hafifu. George Wald ndiye aliyeionyesha vitamini A kuwamo katika retina, mwaka 1933, na mwaka 1967 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa kemia ya kuona.

Istilahi iliyoenea kwa hali hii ni *upofu wa usiku*. Ni fupi na inaeleweka kwa wasomi, lakini ina hatari inapotumiwa katika dodoso au mazungumzo ya kliniki. *Upofu* katika Kiswahili cha kawaida ni kutoona kabisa. Mama akiulizwa, "Je, mtoto wako ana upofu wa usiku?", huenda akajibu hapana kwa yakini, na pengine kwa kuudhika, kwa kuwa mtoto wake anaona. Swali lenye manufaa hueleza hali yenyewe: "Je, mtoto huona vizuri mchana, lakini jua likishakuchwa hujikwaa, hupapasa sahani yake, au hukaa mahali pamoja asitake kucheza?"

Katika Kariakoo, Gerezani au Upanga kuna jambo jingine la kuzingatia. Taa za maduka na za barabarani huwaka mpaka usiku, na nyumba nyingi zina umeme. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A anaweza asionyeshe dalili yoyote katika mwanga huo, kwa kuwa seli zake za koni zinamtosha. Swali linalotaja *usiku* tu litampita. Ni bora swali litaje *magharibi*, *umeme unapokatika*, au *ukumbini ambako hakuna taa*. Uchaguzi wa maneno hapa huamua kama mtoto atatambuliwa au hatatambuliwa, na kutotambuliwa kuna gharama. Upungufu ukiendelea, utando wa jicho hukauka, madoa yenye sura ya povu hujitokeza kwenye weupe wa jicho, na mwishowe konea hulainika na kupasuka. Katika hatua ya mwisho uoni haurudi. Katika hatua ya kwanza hurudi, mara nyingi ndani ya siku chache baada ya matibabu.

Nchini Tanzania hali hii haikuwa ya vitabuni tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takribani theluthi moja ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa vitamini A. Surua huuzidisha upungufu huo kwa haraka. Jaribio lililofanywa katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma na kuchapishwa mwaka 1987 lilionyesha vifo vichache zaidi miongoni mwa watoto wenye surua waliopewa vitamini A kwa wingi kuliko miongoni mwa wenzao. Leo watoto wa umri huo hupewa vitamini A mara mbili kwa mwaka, na mafuta ya kula ni miongoni mwa vyakula vilivyowekewa utaratibu wa kuongezewa virutubishi nchini.

*Tahadhari ya matumizi.* Nyongeza hiyo hujulikana kama *matone ya vitamini A*, kwa sababu kapsuli hukatwa ncha na kudondoshewa mtoto mdomoni. Mtafsiri asiandike *matone ya macho*. Matone ya macho hutiwa jichoni, haya humezwa. Kwa kuwa dawa inatajwa pamoja na ugonjwa wa macho, msomaji asiyeelekezwa anaweza kukosea. Sentensi salama ni: *mtoto hupewa matone ya vitamini A kwa mdomo na mhudumu wa afya*.

Si kila upofu wa usiku hutokana na chakula. Baadhi ya watu hurithi jeni yenye kasoro ya opsini ya rodopsini, nao seli zao za fimbo hufa taratibu kwa miaka mingi. Vitamini A haiwezi kuirekebisha jeni hiyo. Maandishi ya elimu kwa umma yaandike *upungufu wa vitamini A ni sababu mojawapo*, yasiandike *ndiyo sababu*.

Majina ya vyakula

Vitamini A hupatikana kwa njia mbili: ikiwa tayari, katika maini, mayai, maziwa na dagaa wanaoliwa wazima, au ikiwa bado ni karotini, ambayo mwili huigeuza, katika mboga za majani na vyakula vyenye rangi ya manjano au ya chungwa. Mafungu ya mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga katika vibanda vya Kariakoo, pamoja na maembe, mapapai, karoti na mawese mekundu, yote yamo katika njia ya pili. Karotini huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo mchicha uliopikwa kwa nazi au mafuta huufaa mwili zaidi kuliko uliochemshwa kwa maji matupu.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa huitwa *viazi lishe*. Jina hili limekubalika na linafaa kutumiwa. *Viazi vya machungwa* ni kosa, kwa kuwa husomeka kana kwamba viazi hivyo vinatokana na matunda.

Opsini katika Ziwa Victoria

Mfano mashuhuri wa mabadiliko ya opsini umo katika maji ya Tanzania, na majina yake ni ya Kiswahili. Samaki wadogo wanaojulikana Mwanza kama *furu* wana spishi nyingi sana. Jenasi mojawapo iliyotajwa mwaka 1998 hubeba jina *Pundamilia*, kutokana na milia ya mwilini. *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni la buluu, huishi karibu na uso wa maji. *Pundamilia nyererei*, aliyeelezwa mwaka 1985 na kupewa jina la heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ana dume lenye mgongo mwekundu na huishi chini zaidi. Maji yenye tope huchuja mwanga wa buluu, hivyo kina kinavyoongezeka mwanga uliobaki huwa mwekundu zaidi.

Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* matokeo yaliyoonyesha kwamba, katika baadhi ya visiwa vya ziwa hilo, samaki hao wawili wana maumbo tofauti ya opsini moja ya seli za koni: la yule wa chini huitikia zaidi mwanga mwekundu. Jike huvutiwa na dume analoliona vizuri, na kwa njia hiyo tofauti ndogo katika protini ya jicho husaidia kuzitenga spishi. Mwalimu azingatie kwamba opsini inayozungumziwa hapa ni ya seli za koni. Kuiita rodopsini ni kosa.

Maneno yanayochanganywa

*Retina* na *mboni.* Mboni ni tundu jeusi katikati ya jicho linalopitisha mwanga. Retina ni tabaka la nyuma linaloupokea. *Mboni ya jicho langu*, kwa maana ya mpendwa, haiwi *retina ya jicho langu*.

*Seli za koni* na *seli pia.* Pia ni kitu cha watoto cha kuzungusha, na neno hilo hutumika pia kwa umbo la namna hiyo. Hata hivyo *seli pia* husomeka kama *seli vilevile*. *Koni* huepusha utata.

*Upofu wa usiku* na *mtoto wa jicho.* Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, na hutibiwa kwa upasuaji. Upofu wa usiku ni hali ya retina.

*Upofu wa usiku* na *usubi.* Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito. *Vikope*, yaani trakoma, ni maambukizi ya utando wa kope. Magonjwa haya yote huweza kuharibu uoni, lakini hakuna moja linaloweza kulibadili jina jingine.

*Upofu wa rangi.* Ni kasoro ya seli za koni. Hauhusiani na rodopsini.

Mifano ya matumizi

Rodopsini hupauka inapopigwa na mwanga mkali.

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha hukosa retinali ya kuunda rodopsini.

Dereva alitiwa kiwi na taa za gari lililomkabili, akasimama kando mpaka macho yakarudi.

Opsini ni protini. Retinali ni kijenzi chake kinachonasa mwanga. Rodopsini ni muungano wa hivyo viwili.

Tazama pia: kiwi; koni; mboni; opsini; pauka; retina; retinali; upofu; viazi lishe; vitamini.